Visima vya Baba Zetu

Somo: Mwanzo 26:17-22

Kama umeketi nyumbani pamoja na jamaa yako, waambie wasogee karibu na redio. Na kama una Biblia, tafadhali ifungue katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kuanzia mstari wa 17.

Hapo tunasoma habari za Isaka alipokuwa akikaa katika bonde la Gerari. Baba yake Ibrahimu alikuwa amechimba visima katika nchi ile zamani. Lakini Ibrahimu alipokufa, Wafilisti walivifukia. Aliyepita hapo baadaye hakuona kisima. Aliona udongo mtupu. Basi Isaka akavichimbua tena, akaviita kwa majina yale yale aliyoyatumia baba yake. Ndugu yangu, ni nani awezaye kuchimbua kisima cha baba yake bila kuuliza, bila kukumbuka, na bila kuitazama nchi kwa makini? Jina lilikuwa limehifadhiwa mahali fulani, katika vinywa vya watu, hata kisima kilipokuwa kimejaa udongo.

Leo nataka twende pamoja kutafuta kisima kimoja kilichofukiwa. Si kisima cha maji. Ni nyumba ya ibada. Ilikuwa katika mji wa London, Uingereza, nayo iliitwa Foundery. Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza ya Wamethodisti katika mji ule mkubwa. Leo huwezi kuona ukuta wake wala kuingia mlango wake. Hata hivyo twajua iliposimama, na twajua mengi yaliyofanyika ndani yake. Tutaona jinsi inavyojulikana, kisha tutajiuliza habari za visima vyetu wenyewe.

Mahali palipofichwa na jina

Mtu akifika London leo na kuuliza habari za kanisa la John Wesley, ataelekezwa kwenye barabara iitwayo City Road. Hapo ataona kanisa zuri, na karibu nalo nyumba ambamo Wesley alikufa tarehe 2 Machi 1791, na nyuma ya kanisa kaburi lake. Ni rahisi mgeni kudhani ya kwamba hapo ndipo kazi ya London ilipoanzia. Sivyo. Kanisa lile lilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1778, Wesley akiwa mzee wa miaka 75. Kabla ya hapo, kwa miaka 39, watu wake walikusanyika katika nyumba nyingine, mwendo wa dakika chache kutoka hapo.

Basi tutoke City Road, twende upande wa mashariki, mpaka mtaa mwembamba uitwao Tabernacle Street. Humo mna majengo ya ofisi na biashara. Watu hupita wakienda kazini. Lakini ukutani pamewekwa kibao kidogo cha kumwambia mpita njia ya kwamba hapo ndipo iliposimama Foundery, nyumba ya Wesley.

Sasa angalia jambo hili, kwa maana ndipo watafutaji wengi wanapopotea. Jina la mtaa ni Tabernacle, yaani hema, au maskani ya ibada. Mtu angeweza kusema, “Bila shaka mtaa umepewa jina kwa ajili ya nyumba ya Wesley.” Lakini jina hilo limetokana na nyumba nyingine kabisa, ya mhubiri mwingine, George Whitefield. Yeye alikuwa na jengo lake karibu na hapo. Mwaka 1741 wafuasi wake walimjengea banda la mbao, nao wakaliita Tabernacle. Mwaka 1753 likajengwa jipya la matofali. Zamani za Wesley mtaa wenyewe ulijulikana kwa jina la Windmill Hill, yaani kilima cha kinu cha upepo. Kwa hiyo anayefuata jina la leo tu atafika kwenye kisima cha mtu mwingine. Atafutaye mahali pa zamani ni lazima ajue jina la zamani, kama Isaka alivyoyajua majina ya baba yake.

Kiwanda cha mizinga

Na jina Foundery lenyewe latoka wapi? Maana yake ni kiwanda cha kusubu. Kabla ya kuwa nyumba ya maombi, mahali pale palikuwa kiwanda cha serikali ya mfalme cha kusubu mizinga ya vita. Palikuwa nje kidogo ya ukuta wa mji, kando ya viwanja vilivyoitwa Moorfields.

Tarehe 10 Mei 1716 ilitokea ajali mbaya. Watu walikuwa wamekusanyika kutazama mizinga ya zamani, iliyotekwa kwa Wafaransa vitani, ikiyeyushwa ili isubiwe upya. Kalibu za udongo zilikuwa hazijakauka vizuri. Zilikuwa na unyevu. Shaba iliyoyeyuka ilipomiminwa humo, unyevu ule uligeuka mvuke kwa ghafula, kalibu zikapasuka kwa kishindo kikubwa. Watu wakafa, wengine wakaungua vibaya, na jengo likabomolewa sehemu yake. Baada ya ajali hiyo serikali ikaihamishia kazi ya kusubu mizinga huko Woolwich, na kiwanda cha Moorfields kikaachwa. Kwa miaka zaidi ya 20 kilikuwa gofu, bila kazi na bila mtu wa kukitaka.

Mwaka 1739 Wesley alikuwa na umri wa miaka 36. Alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, lakini makanisa mengi yalikuwa yamemfungia mlango. Whitefield ndiye aliyemvuta aanze kuhubiri nje, chini ya mbingu, huko Bristol, mwezi wa Aprili mwaka ule. Basi Novemba ikafika, na baridi ya Uingereza si mchezo. Watu wawili wakamsihi ahubiri ndani ya gofu lile la kiwanda. Tarehe 11 Novemba 1739, siku ya Bwana, alihubiri asubuhi nje kwa maelfu ya watu, na jioni akahubiri ndani ya kiwanda. Tunajua siku hiyo kwa sababu aliandika. Wesley alikuwa mtu wa kuandika mambo ya kila siku katika kitabu chake cha habari, naye alipenda kuandika mahali, saa, na jambo alilofundisha. Kama asingaliandika, leo tungekuwa tunabishana.

Baadaye gofu likanunuliwa kwa pauni 115. Lakini kununua ni jambo moja, na kutengeneza ni jingine, kama kila kamati ya ujenzi ijuavyo. Paa lilikuwa bovu na kuta zilihitaji kujengwa tena, hata gharama yote ikakaribia pauni 800. Fedha hizo zilipatikana kwa mikopo ya marafiki, na watu wa kawaida wakalipa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Yaliyofanyika ndani

Msikilizaji, kama ungaliingia humo ungaliona chumba kikubwa cha kutosha watu wapatao 1,500. Mabenchi yalikuwa ya mbao, hayana pa kuegemea mgongo. Wanaume waliketi upande wao na wanawake upande wao. Hapakuwa na kiti kilichonunuliwa na tajiri kiwe chake peke yake. Katika makanisa mengi ya siku zile familia zenye fedha zililipia sehemu zao na kuzifunga kwa vijilango, lakini hapa aliyefika kwanza aliketi mbele, hata kama alikuwa mbeba makaa. Mahubiri ya asubuhi yalianza saa kumi na moja alfajiri, ili wafanyakazi wasikie Neno kabla ya kwenda kazini.

Mwezi Julai 1740 ilitokea faraka. Wesley na wenzake walikuwa wakikutana na ndugu wengine katika mtaa wa Fetter Lane, nao wakatofautiana juu ya njia ya imani. Wengine walifundisha ya kwamba mtu asiye na imani kamili na atulie tu, asisali wala kushiriki Meza ya Bwana, mpaka Mungu ampe imani hiyo. Wesley hakukubali. Akawaaga, na waliomfuata wakakutana Foundery tarehe 23 Julai. Walikuwa wanaume wapatao 25, na wanawake 47 au 48. Kwa hesabu ya kibinadamu ni kusanyiko dogo katika jumba kubwa. Lakini angalia wanawake ni wangapi! Ninyi mama mnaosikiliza mkiwa jikoni, jueni ya kwamba kazi hii tangu mwanzo imeshikwa na mikono yenu.

Na mama mmoja aliishi humo humo. Susanna Wesley, mama yake John na Charles, alikuwa mjane, naye mwanawe alimpa chumba katika majengo ya Foundery. Siku moja Wesley alirudi kutoka safarini akiwa na hasira, kwa sababu kijana mmoja aitwaye Thomas Maxfield, ambaye hakuwa kasisi, alikuwa amethubutu kuhubiri. Mama yake akamwonya ajihadhari. Akamwambia kijana yule ameitwa na Mungu kuhubiri kama John mwenyewe alivyoitwa, basi kwanza asikie kwa masikio yake na kuyatazama matunda. Wesley akamsikiliza Maxfield, akanyamaza. Tangu hapo mlango ukafunguliwa kwa wahubiri wasio makasisi. Ninyi wahubiri wa kawaida, mnaopanda baiskeli Jumapili kwenda kanisa la mbali mahali pasipo na mchungaji, mlango wenu ulifunguliwa na mama mzee katika kiwanda cha mizinga kilichoachwa.

Mama Susanna alikufa humo mwezi Julai 1742. Aliwaomba watoto wake ya kwamba mara roho yake itakapotoka, wamwimbie Mungu wimbo wa sifa, nao wakafanya hivyo. Akazikwa tarehe 1 Agosti katika makaburi ya Bunhill Fields, ng'ambo ya barabara kutoka pale kanisa la City Road liliposimama baadaye. Kaburi hilo nalo ni alama ya kumsaidia mtafutaji, kwa maana hueleza watu wa Foundery walipeleka wapi wafu wao.

Mwaka huo huo wa 1742 lilianza jambo jingine, nalo lilianza kwa sababu ya deni. Si hapa, ila Bristol, ambako nyumba ya ibada ilikuwa bado inadaiwa. Tarehe 15 Februari walikutana kushauriana. Mmoja wao akasema kila mshiriki atoe peni moja kwa juma. Mwingine akajibu kwamba wengi ni maskini, hawawezi. Yule wa kwanza akasema, basi nipeni mimi watu 11, hata walio maskini kabisa. Nitawatembelea kila juma, na asiyeweza kutoa nitamtolea mimi. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Lakini walipoanza kutembelea nyumba kwa nyumba wakitafuta peni, waliona mengine: huyu ni mgonjwa, yule amerudi kwenye ulevi, hawa mume na mke hawasemezani. Wesley alipopata habari hizo alitambua ya kwamba Mungu amempa njia ya kuwachunga watu wake. Mwezi Machi mpango huo ukaletwa London. Hivyo ndivyo yalivyoanza madarasa ya Wamethodisti, kila darasa na kiongozi wake, ambayo yanajulikana hata katika Kenya yetu. Deni la nyumba likageuka uchungaji wa roho.

Tarehe 25 Juni 1744 mkutano mkuu wa kwanza wa wahubiri ulikutana Foundery. Walikuwa watu kumi tu: makasisi sita, pamoja na John na Charles Wesley, na wahubiri wa kawaida wanne.

Tena kulikuwa na shule, ambayo ilikuwa na watoto wapatao 60, wengi wao wakiwa maskini. Mmoja wa waalimu wake alikuwa Silas Told, mtu ambaye katika ujana wake alikuwa baharia katika meli za biashara ya watumwa. Bwana alimgeuza. Mtu huyo akafundisha watoto wa maskini, kisha akawa akienda katika gereza la Newgate kuwafariji waliohukumiwa kufa, akipanda nao katika gari lililowapeleka kunyongwa.

Mwaka 1746 Wesley alifungua zahanati humo, awape maskini dawa bure. Katika miezi mitano watu zaidi ya 500 walipata dawa. Mwaka ule ule akaanzisha mfuko wa mikopo. Aliomba fedha kwa rafiki zake, akapata kama pauni 30. Maskini aliweza kukopa mpaka shilingi 20, azirudishe katika miezi mitatu. Kwa fedha hizo chache, katika mwaka mmoja na nusu, watu zaidi ya 250 walisaidiwa. Baadaye, katika miaka ya 1770, mshona viatu mmoja aitwaye James Lackington alikopeshwa pauni 5 kutoka mfuko wa Wamethodisti ili aongeze duka lake dogo la vitabu. Akawa mmoja wa wauza vitabu wakubwa wa London.

Karibu na hapo palikuwa na nyumba ya wajane. Wakati mmoja walikuwamo wajane tisa, mama mmoja kipofu, na watoto wawili maskini. Wesley na wahubiri wengine waliokuwa mjini walikula chakula kile kile, mezani pamoja na wale wajane.

Kuiacha nyumba

Sasa, iliondokaje nyumba kama hiyo? Haikuchomwa moto, wala adui hakuibomoa. Ardhi ile ilikuwa ya kukodi. Miaka ikapita, mji ukakua, na wenye mamlaka ya mji wakawa na mipango mipya ya sehemu ile. Mwezi Machi 1776 Wesley aliona ya kwamba hawawezi kuitegemea Foundery kwa muda mrefu tena. Basi wakashauriana, wakaomba kiwanja katika City Road, na michango ikaanza.

Tarehe 21 Aprili 1777 jiwe la msingi liliwekwa. Mvua ilinyesha sana siku ile. Mzee alikuwa na miaka 73. Hebu fikiri: mama yake alikufa katika nyumba ile. Mkutano wa kwanza ulikutana humo. Kwa miaka karibu 40 sauti yake ilikuwa imesikika ndani ya kuta zile. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema, “Sitoki hapa,” ni yeye. Lakini alitoka. Alichukua maombi ya alfajiri na madarasa, akahama nayo. Mabenchi mengine ya zamani wakahama nayo pia. Hata leo, ndani ya kanisa la City Road, kuna chumba kidogo cha ibada kiitwacho kwa jina la Foundery, na humo yamo baadhi ya mabenchi ya nyumba ile ya kwanza. Jina likahifadhiwa, kama majina ya visima vya Ibrahimu.

Na ile nyumba ya jirani, Tabernacle ya Whitefield? Wesley na Whitefield walikuwa wamegombana vikali juu ya fundisho la watu kuchaguliwa na Mungu tangu awali. Nyumba mbili katika mtaa mmoja, wahubiri wawili waliokuwa kama ndugu, nao walitengana. Lakini hawakufa wakiwa maadui. Whitefield alipokufa huko Marekani mwaka 1770, mtu aliyehubiri katika ibada ya kumbukumbu yake London, tarehe 18 Novemba, na ambaye alisimama katika Tabernacle yenyewe, alikuwa John Wesley. Isaka naye, wachungaji wa Gerari walipomgombea kisima, alikiita Eseki, maana yake ugomvi, akaenda mbele akachimba kingine. Hakubaki pale kupigania matope. Mwisho akapata Rehobothi, mahali penye nafasi.

Visima vyetu

Ndugu zangu, kutoka katika watu wale wa Foundery, kwa njia ya vizazi vingi na matawi mengi, walitoka wamishenari waliofika pwani yetu. Mwaka 1862 Thomas Wakefield na wenzake walianza kazi Ribe, karibu na Mombasa. Mwaka 1912 kazi ikaanza Meru. Mwaka 1967 Kanisa la Methodisti katika Kenya likawa kanisa lenye kujitawala. Lakini neno hili si la Wamethodisti peke yao. Wewe uliye wa Anglikana, wa Presbiteri, wa African Inland, wa Kirafiki, nakuuliza: kanisa lenu la kwanza lilikuwa wapi?

Simaanishi lile la mawe lililo na madirisha ya vioo. Namaanisha lile la kwanza. Lile la udongo na nyasi, ambalo mama walibeba maji mitungi mingi ili udongo ukandwe. Lile lililoliwa na mchwa, likaanguka, likajengwa la mabati. Au ule mti ambao chini yake watu wanne walisoma herufi wakitumia kitabu kimoja. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya. Ni nani awezaye kumwonyesha mtoto mahali hapo leo? Pengine ni shamba la mahindi. Pengine ni kituo cha basi.

Nakusihi, usingoje. Vitabu vya Wesley vilibaki, lakini wazee wetu hawakuandika kila kitu, wamekichukua kichwani. Mzee akizikwa, kisima kinafukiwa. Basi fanyeni hivi katika kusanyiko lenu. Chagueni vijana wawili wenye daftari. Na waende kwa mzee, kisha kwa mwingine, wala wasitosheke na mtu mmoja, maana kumbukumbu ya mtu mmoja yaweza kukosea, kama jina la mtaa lilivyoweza kutupoteza. Waulize mahali paliitwaje zamani, si leo. Watazame daftari la kwanza la ubatizo na tarehe zake. Watazame hati ya ardhi na mipaka yake. Watazame makaburi ya Wakristo wa kwanza, kwa sababu mara nyingi watu walizikwa si mbali na mahali walipoabudu. Waandike nani alisema nini na siku gani. Halafu wekeni jiwe au kibao, hata cha mbao, mwandike jina na mwaka.

Na mnapoandika, msiandike ujenzi tu. Mwanzoni nilisema twajua iliposimama Foundery. Lakini hatuikumbuki kwa sababu ya paa lake. Tunaikumbuka kwa sababu ya mama kipofu aliyelishwa humo, mwanafunzi aliyefundishwa humo, na mkosaji aliyetubu humo alfajiri. Kama nyumba ile ingalikuwa na mahubiri mazuri lakini mlango wake umefungwa kwa maskini, nani angalijisumbua kuitafuta? Kwa hiyo, mwandike pia: ni nani aliyelishwa hapa? Ni mjane gani aliyepata msaada? Ni watu gani waliopatana? Na kama mkikuta ya kwamba hakuna la kuandika katika sehemu hiyo, basi mwanzie hapo, leo.

Kuna makusanyiko yanayogombana sasa hivi juu ya jengo. Wengine hawataki kuhama, kwa maana baba zao ndio walioweka jiwe la msingi. Wengine wanasema la zamani libomolewe upesi, ni aibu. Kesi imefika kwa chifu, na ushirika umevunjika. Ninyi wa upande wa kwanza, kumbukeni ya kwamba Wesley aliiacha nyumba ambamo mama yake alifia. Ninyi wa upande wa pili, kumbukeni ya kwamba waliohama walibeba mabenchi ya zamani na jina la zamani. Kuhama si dhambi. Kusahau ndiko kunakotudhuru, na kugombana ni kubaki Eseki wakati Bwana ametuandalia Rehobothi.

Na tuombe.

Ee Mungu wa Ibrahimu na Isaka, tunakushukuru kwa ajili ya waliotutangulia, ambao walichimba tukanywa. Utusamehe kwa kuwa tumeviacha visima vingine vifukiwe. Wape wazee wetu nguvu ya kusimulia, na vijana wetu moyo wa kusikiliza na kuandika. Ponya makusanyiko yanayogombana. Na nyumba zetu, za mawe au za udongo, uzijaze kazi ambayo hata zikibomolewa itabaki. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.